Chama Kiitwacho Chawakuku

Nguvumali, Tanga
9 Machi 1992

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo huku, na twaomba barua hii ikukute mzima na mfungo ukikwendea kwa wepesi. Leo ni siku ya nne na Mama ameshagombana na muuza tende, ameshalalamikia uji, na ameshasema mara mbili kwamba watu wa Dar es Salaam hamfungi, mnashinda njaa tu. Anakusalimu sana. Goti lake ni lilelile. Upepo umetung'olea bati moja la jikoni, tumelirudisha na kuliwekea mawe juu.

Mjomba, nina shida, na shida yenyewe ni karatasi.

Hospitalini imekuja amri ya kupunguza watumishi. Watakaoanza kuondoka ni wale wasio na taaluma inayotambulika. Mimi nimepima masikio ya watu wa mkoa huu miaka tisa, kutoka Pongwe mpaka Amani. Nimewafundisha kusema watoto ambao majirani walishawaita mabubu. Chumba changu ni kimoja tu, hakuna cha pili mkoa mzima. Lakini kwenye orodha ya mishahara naitwa Mhudumu, sawasawa na anayepiga deki, na wapiga deki wanatosha. Kamati ya kupunguza ikaniuliza, cheti kiko wapi? Nikawaambia ukweli, kwamba mwaka 1983 tulipomaliza kozi kwako hapakuwa na karatasi ya kuchapia vyeti, na wewe mwenyewe ulisimama mbele ya darasa ukatuambia tuvute subira, meli ya karatasi iko njiani. Walicheka, Mjomba. Mmoja aliuliza kama meli hiyo inakuja kwa makasia.

Sasa wanataka barua kutoka chama cha taaluma yangu. Madaktari wana chao, wauguzi wana chao. Mama kaniambia nawe umeanzisha cha kwetu. Naomba barua moja tu, mistari mitatu yatosha: huyu namjua, nimemfundisha mimi, kazi yake ni hii. Orodha inafungwa mwezi wa tisa, lakini usiningojeshe mpaka huo mwezi. Nakujua.

Mpwa wako,
Mastura


CHAMA CHA WATAALAMU WA KUSEMA NA KUSIKIA (CHAWAKUKU)
Ofisi ya Katibu Mkuu, Dar es Salaam
Kumb. Na. CHAWAKUKU/TNG/1
2 Aprili 1992

Mpwa wangu Mastura,

Marahaba. Sisi sote tu wazima, alhamdulillahi. Mwambie dada yangu Hafsa kwamba tunafunga, na kama hasadiki aje anitizame mbavu. Kitambaa chake cha Idi nimekiagiza, kitafika.

Yah: OMBI LA BARUA YA UTAMBULISHO

Barua yako imepokelewa na imewekwa kwenye faili. Unasema mistari mitatu. Mpwa wangu, taaluma haijengwi kwa mistari mitatu. Chama kikitoa barua ovyo, kesho kila mwenye pamba na kijiti atakuja kudai ya kwake. Kwa mujibu wa katiba yetu, ibara ya tisa, kifungu (b), barua ya utambulisho hutolewa kwa mwanachama aliye ndani ya tawi, na tawi ni wataalamu wasiopungua kumi. Tanga hakuna tawi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulifungua, na kuniletea majina kumi na saini zake.

Nakutumia kwa mkono wa kondakta matangazo hamsini yenye jina la chama na jina lako. Yabandike mahali penye watu. Na usiwe na pupa, haraka haraka haina baraka.

Mwinyijuma Sadalla
Katibu Mkuu


Nguvumali, Tanga
20 Aprili 1992

Shikamoo Mjomba,

Idi tumeila salama. Kitambaa hakijafika. Mama anasema hana haja nacho, na kila basi la Dar likipita anatoka barazani.

Wataalamu kumi! Mjomba, mkoa mzima wa Tanga mtaalamu ni mmoja, naye ndiye anayekuandikia. Hao tisa niwafinyange kwa udongo?

Na la pili ndilo lililonimaliza kabisa. Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti, maana siku hizi herufi zinamkimbia. Nilipofika kwenye jina la chama akanisimamisha. "Chawa nini?" Nikarudia. Akafikiri kidogo, akasema, "Kaka yangu kaacha masikio? Sasa anafuga?"

Hebu ingia chumbani, ufunge mlango, ulisome jina hilo kwa sauti. Cha. Wa. Ku. Ku. Umewahi kulisikia? Sikuulizi kama umeliandika, maana naona umeliandika kila mahali mpaka kwenye bahasha. Nakuuliza kama umelisikia. Mmekaa kikao wataalamu wa kusikia, mmelijadili, mmelipitisha, na hakuna hata sikio moja lililosikia kwamba mmejiita wadudu wa kuku!

Matangazo nimeyabandika, kwa sababu aliyeshikwa koo hachagui mkono wa kumwokoa. Moja liko dukani kwa Murtaza Jafferji, baba yake Mariya, yule mtoto niliyekuandikia habari zake, asiyesikia ila sauti nzito. Sasa ana miaka saba, na anasema "baba" na "maji" na "sitaki", hasa "sitaki". Murtaza alilisoma tangazo, akanitazama, akalibandika juu ya sabuni bila kucheka. Ni mtu wa adabu.

Badilisha jina, Mjomba, na unipe barua yangu.

Mastura


Ofisi ya Katibu Mkuu, Dar es Salaam
Kumb. Na. CHAWAKUKU/TNG/2
25 Mei 1992

Mpwa wangu Mastura,

Marahaba. Nafurahi kusikia Idi ilikuwa njema. Kitambaa kilikwama kwa fundi. Mpe pole dada yangu kwa goti, na umwambie aache kukaa barazani kwenye baridi ya asubuhi.

Yah: JINA LA CHAMA

Jina lilipitishwa na kikao halali bila kupingwa, na muhuri umeshachongwa. Kifupisho chetu hutamkwa kwa kutua baada ya kila silabi, kwa heshima. Anayekitamka kwa mkupuo ana kasoro ya matamshi, na kasoro za matamshi ndizo tulizosomea kuzitibu.

Kuhusu wanachama, tafuta wauguzi na walimu. Wenye maduka hawahesabiki. Nasisitiza kumi. Tisa hawatasaidia kitu. Ukiniuliza namba ya usajili wa chama, itafuata baadaye, ni suala la muda tu.

Hapa ofisini kwetu nako kuna maneno ya kupunguza watu. Hayatugusi sisi wenye vyeo.

Mwinyijuma Sadalla
Katibu Mkuu


Nguvumali, Tanga
30 Juni 1992

Shikamoo Mjomba,

Idi kubwa nayo imepita. Bati la jikoni limeng'oka tena. Mama mzima, ila amegoma kunywa dawa mpaka umwandikie yeye mwenyewe, si kupitia kwangu.

Nakuandikia nikiwa na manyoya kichwani. Manyoya hasa, Mjomba, si fumbo.

Unajua siku hizi mshahara unaishia njiani, kwa hiyo kila mtumishi ana mradi wa kuku uani kwake. Karani anafuga, mwalimu anafuga, hakimu anafuga. Na mwezi huu kuku wa Tanga wameingiliwa na chawa. Sasa mtu anakwenda dukani kwa Murtaza kununua sabuni, anainua macho, anasoma: CHAWAKUKU, TAWI LA TANGA, MUONE MASTURA RAMA. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, kaja na jogoo kwapani. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa tunapima masikio." Akaniambia, "Ndiyo, mwanangu, hata masikioni wamo. Hebu mtizame!" Wiki iliyofuata wakaja kumi na mmoja. Muuguzi wa zamu akaniuliza kama chumba changu kimehamishwa idara.

Kisha ikaja barua ya Bwana Abrahamu, afisa mifugo, kuialika CHAWAKUKU ikawafundishe wafugaji wa Pongwe. Nilimwendea kumweleza kosa, nikamkuta ameshatangaza, na watu zaidi ya arobaini wamekaa darasani wananingoja, wengine na vifaranga kwenye vikapu. Nikasimama mbele yao. Nikasema, "Jamani, chawa siwajui. Ninachokijua ni masikio." Watano wakainuka wakaenda zao. Nikaharakisha kabla hawajainuka wengine. Nikawaambia kwamba mtoto asiyegeuka ukimwita huenda si mkaidi. Nikawaambia usaha sikioni ni ugonjwa, na kwamba mafuta ya moto hayatibu kitu. Bwana Abrahamu, kwa kunionea huruma, akasimama akawaeleza habari ya majivu na banda kavu, wakaridhika.

Lakini tulipotoka, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Na asiyegeuka hata ngoma ikipigwa?" Tangu siku hiyo wameniletea watoto kumi na wanne. Tisa hawasikii vizuri, na wazazi wao walikuwa wakiwachapa kwa utundu. Nililia, Mjomba, sikufichi. Kwa hiyo jina lako limefanya kazi moja ya maana, na siyo uliyoikusudia.

Wanachama nimepata wanne: mimi, Elizabeti ambaye ni muuguzi wa zahanati ya Pongwe, mwalimu mmoja jirani yake, na Bwana Abrahamu, ambaye ni wa mifugo ila anasema sikio ni sikio. Nipe barua kwa hao wanne. Nikiondolewa mimi, hao watoto tisa atawapokea nani?

Mastura


Dar es Salaam
14 Agosti 1992

Mpwa wangu Mastura,

Marahaba. Sina nafasi ndefu. Tu wazima. Barua zako sasa zipitishe dukani kwa Shabbar Jafferji, ndugu yake Murtaza, maana ofisini kwetu wanapaka rangi.

Nimetumia busara ya Katibu Mkuu kulegeza ibara ya tisa. Ndani ya barua hii mna bahasha ya Kamati. Usiifungue, ni ya kiofisi. Karatasi zenye kichwa cha chama zimekwisha, lakini muhuri nimeupiga mara mbili, juu na chini, isije ikasemwa haupo.

Mwambie dada yangu nitamwandikia.

Mwinyijuma


Nguvumali, Tanga
21 Septemba 1992

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Bahasha yako niliipeleka kama ulivyoniamuru, imefungwa, kwa mikono miwili, kama mwali anayepeleka sinia. Leo nimepewa majibu. Nakunakilia neno kwa neno: "Kamati imepokea barua ya chama cha wafugaji, Chawa Kuku, inayothibitisha kwamba mtumishi huyu ni mwanachama hai na anaijua kazi yake kikamilifu. Kamati imefarijika kuona kuwa tayari anao mradi wa kumtegemeza, na hivyo hatapata taabu atakapopunguzwa. Kamati inampongeza."

Inanipongeza!

Nikaomba kuiona hiyo barua yako. Mistari mitatu, Mjomba, ile ile niliyokuomba mwezi wa tatu, ila humo ndani hamna sikio. Hamna kusema, hamna kusikia, hamna mtoto, hamna kozi. Mna "mwanachama hai", mna "ipasavyo", mna "kikamilifu", na mihuri miwili ya kuku. Miezi sita nimekusubiri kwa hili?

Heshima yako iko palepale, lakini niache niseme. Umenifundisha kumsikiliza mtoto mpaka nijue ni herufi gani inayomponyoka, na mimi mwenyewe hujanisikiliza hata mara moja.

Niliingia kwa mwenyekiti bila kuitwa. Nikamweleza yote, mpaka na jogoo. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akasema, "Barua tumezichoka, binti. Kila mtu ana barua. Huyo mwalimu wako aje mwenyewe, asimame hapa, aseme yeye ni nani na alikufundisha nini. Mwisho nakusogezea mpaka Ijumaa ya tarehe 13 Novemba. Baada ya hapo orodha inakwenda wizarani."

Basi njoo. Sitaki muhuri, sitaki kumbukumbu namba. Panda basi asubuhi, jioni umefika, na Mama atakupikia.

Mastura

Tena: kwa nini siku hizi unaniandikia kwenye karatasi ya daftari?


Dar es Salaam
8 Oktoba 1992

Mpwa wangu Mastura,

Marahaba. Nimesikitishwa na kiwango cha uelewa cha Kamati hiyo. Neno "kikamilifu" linajitosheleza.

Kuja kwa sasa itakuwa vigumu. Kuna semina Dodoma, na baada yake nitakuwa na wageni wa chama kutoka nje. Aidha, si desturi kwa Katibu Mkuu kwenda kuhojiwa na kamati ya mkoa kama mtoto aliyevunja dirisha. Naandaa barua nyingine, ndefu, yenye maelezo ya historia ya taaluma yetu tangu mwanzo. Vuta subira.

Daftari ni zuri tu, lina mistari.

Mwinyijuma


Nguvumali, Tanga
24 Oktoba 1992

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo na anakusalimu. Hajui ninachokuandikia leo.

Jana nilikuwa dukani kwa Murtaza kumchukua Mariya kwa somo lake. Nikamwambia Murtaza kwamba umekwenda Dodoma kwenye semina. Alishughulika na mizani kwa muda mrefu, na mizani haikuwa na kitu. Kisha akasema taratibu, "Dada Mastura, Shabbar ananiambia Mzee Mwinyijuma yupo kila siku. Ana kimeza chake nje ya posta, anawaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Anakunywa chai dukani kwa Shabbar saa nne. Mimi nilidhani mnajua."

Hatukujua.

Mjomba, sikukasirikia kimeza. Kimeza ni halali, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mawaziri. Nimekasirika kwa sababu ulikuwa ukiniandikia juu ya ibara ya tisa, nami nikizunguka Pongwe juani kutafuta watu kumi. Kama ungeniambia ningekuhurumia, nisingekulazimisha. Sasa sijui nikuhurumie au nikugombeze, kwa hiyo nafanya yote mawili.

Zimebaki siku ishirini. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi sita na mwalimu mmoja. Sijui wale watano wako wapi. Mtu pekee katika dunia hii anayeweza kusema kwamba nilisoma ni wewe.

Mastura


Dar es Salaam
2 Novemba 1992

Mastura, mwanangu,

Marahaba.

Nimeanza barua hii mara nne. Watu huja kwenye meza yangu wakaniambia, "Mzee, niandikie kwamba nina shida," na mimi huwaandikia dakika moja. Yangu imenishinda.

Walinipunguza tarehe 12 Juni. Jina langu lilikuwa la pili kwenye ubao. Sababu yenyewe ni hiyo hiyo unayoijua: hawakuona kazi hii ni ya idara gani. Nilikusanya vitu vyangu nikatia kwenye kikapu cha sokoni, na muhuri nikautia mfukoni. Nyumbani wanajua. Huko kwetu sikumwambia mtu, kwa kuwa Tanga mimi ndiye yule Mwinyijuma aliyesoma, na dada yangu hunitaja kwa kila anayepita.

Na chama ni hivi. Tulikuwa watatu. Mmoja alipata kazi Botswana akaenda, mwingine kafariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Nimebaki mimi. Maombi ya usajili yalirudishwa kwa sababu hatutimizi watu kumi. Hao kumi niliokudai, Mastura, hawakuwa wa tawi. Walikuwa wa chama chenyewe. Nilijiambia ukinipatia kumi, chama kitasimama, na chama kikisimama nami nitakuwa mtu tena, nitakuandikia barua yenye nguvu. Nikalifunga tumaini langu kwenye shida yako. Nisamehe.

Sikukataa kuja kwa ajili ya semina. Hakuna semina. Najua swali la kwanza watakaloniuliza: "Unafanya kazi wapi?" Na humo kwenye Kamati wamo watu niliosoma nao. Mtu asiye na kazi atasimamaje kumwokolea mwenzake kazi?

Jina, ulisema kweli. Nilifunga mlango, nikalisoma kwa sauti. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akagonga.

Nitapanda basi la Alhamisi tarehe 12. Usimwambie mama yako habari hizi. Nitamwambia mwenyewe.

Mjomba wako,
Mwinyijuma


Nguvumali, Tanga
20 Novemba 1992

Shikamoo Mjomba,

Natumai ulifika salama, na kwamba lile basi halikuharibika Segera kama la wiki iliyotangulia. Sisi hatujambo. Nakuandikia kwa sababu ulikimbilia basi la saa saba kabla Kamati haijatoa neno, na hayo mengine hukuyaona.

Nianze na nililoliona. Mwenyekiti alikuuliza jina, ukajibu. Akakuuliza, "Kituo chako cha kazi?" Ukavua kofia ukaiweka mezani. Nikatazama sakafu. Kisha ukasema kwa sauti ile ya darasani, "Sina. Nimepunguzwa mwezi wa sita. Naandikia watu barua nje ya posta." Mzee yule wa pembeni, uliyesoma naye, akainua kichwa. Miaka yote nimekuheshimu kwa sababu nilifundishwa kukuheshimu. Siku ile nilikuheshimu kwa hiari yangu.

Halafu, kwa jina la Mungu, dakika arobaini! Uliulizwa swali moja! Uliwapitisha kwenye sikio kuanzia nje mpaka ndani, ukawachorea ubaoni, ukawataja wanafunzi wote sita na makosa yao ya mtihani, na yangu ukayasema mawili. Nilikuwa nakukonyeza, wewe hata hunioni. Lakini ulipomwambia mwenyekiti azibe masikio kwa vidole na akaziba, ukaanza kumwuliza maswali kwa sauti ya chini, umri wake, watoto wake, chakula alichokula, naye anatutazama mmoja mmoja amepotea, hapo karani aliacha kuandika. Ukamwashiria azibue. Ukasema, "Mtoto hukaa humo maisha yake yote, na hapa Tanga mlango ni mmoja, huyu." Ukachukua kofia yako ukatoka.

Ulipotoka mwenyekiti aliivuta orodha karibu. Kisha akamuuliza karani, "Huyu binti ameandikwa nani?" "Mhudumu, mzee." "Futa." Karani akauliza aandike nini badala yake. Wakabishana robo saa, maana hakuna aliyejua kazi hii inaitwaje. Mwisho wakaandika "Mpima Masikio na Mwalimu wa Kusema". Nimeliona kwa macho yangu, wino ulikuwa haujakauka. Nimebaki kazini, Mjomba. Siku ya pili tu niliwapokea watoto watatu kutoka Amani, wametembea na kulala njiani ili wawahi.

Sasa lililobaki, na hapa nakugombeza tena. Ulikula wali wa Mama, ukasifu samaki, ukamwambia ofisini kwenu ni kuzuri ila kazi nyingi. Mbele ya wanaume saba wa Kamati ulisema, mbele ya dada yako ukashindwa!

Mama anajua. Alijua kabla yangu, aliletewa habari na wanawake wa sokoni wenye watoto wao Dar. Amekaa nayo miezi mitatu hakunigusia hata mimi. Jana nilimuuliza kwa nini hakukutamkia siku ile. Akasema, "Namngoja aseme mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema, alikuwa mzito wa ulimi mpaka miaka minne. Ntamngoja tena."

Watoto ni wengi na mimi ni mmoja. Chumba cha nyuma kina godoro. Usimwandikie Mama barua, Mjomba, herufi hazioni. Njoo umwambie.

Mpwa wako,
Mastura